Stendi Ndefu Niliyoibeba Kwenda Kionga

Mama aliniomba picha moja. Hakutaka ya mandhari wala ya kupamba kitabu. Alitaka sura ya dada yake mkubwa, Zaina, aiweke ukutani nyumbani kwetu Mtwara aione kila siku. Hawajaonana tangu mwaka ule watu wa Kionga, upande wa Msumbiji, walipokimbia mashambulizi, kila mtu na njia yake. Mama alivuka mto Ruvuma akaja upande wa Tanzania. Mama Zaina, ndivyo ninavyomwita, na mdogo wao wa mwisho, Amina, walielekea kusini, wakakaa huko kwenye mahema, na mambo yalipotulia wakarudi kujenga upya. Sanduku la picha za familia liliungua pamoja na nyumba. Sasa goti la Mama halikubali safari, na simu za dada zake ni zile ndogo za tochi. Wanasikiana sauti, sura hawaonani.

Tatizo lilikuwa kwamba Mama Zaina hapigwi picha. Wajukuu walishajaribu, wapiga picha wa harusi walishajaribu. Hujifunika uso kwa kapulana, khanga ya kule kwao, akaondoka zake. Mama alimbembeleza kwa simu karibu mwezi mzima mpaka akakubali: picha moja, moja tu, na asiipige mgeni. Mama naye akaongeza sharti lake kwangu.

“Uwemo na wewe,” akasema. “Ukae katikati yao. Hapo ndipo mahali pangu.”

Mpiga picha awe ndani ya picha! Ndipo nilipojua kwamba nahitaji stendi ya kamera, na iwe nyepesi, kwa sababu ningeibeba mgongoni mpaka ng’ambo ya mto.

Jumatatu, Mtwara mjini, nilikwenda kwa Selemani. Duka lake ni chumba kimoja nyuma ya soko: upande mmoja pazia la buluu la kupigia picha za pasipoti, upande wa pili kabati la vifaa vilivyotumika. Selemani hupiga picha za harusi. Ni mnene, mcheshi, na humhoji mteja kama daktari.

“Unaenda kumpiga nani?”

“Mama mkubwa na mama mdogo. Kionga.”

“Mchanga, basi. Na upepo. Kamera gani?”

Nikamwonyesha. Ilikuwa ya kuazima, ya rafiki yangu mmoja katika kikundi chetu cha kusomeana maandishi kila Jumamosi, na lenzi yake ilikuwa nzito kama nazi yenye maji. Selemani akaipima mkononi, akatikisa kichwa, akatoa stendi tatu akazisimamisha sakafuni.

Ya kwanza ilikuwa ya chuma, ya kazi za video. Nilipoinyanyua nilihisi nimebeba kinu pamoja na mchi wake, nikaiweka chini. Ya pili ilikuwa ya kaboni, kuukuu, imechubuka. Miguu yake ilifunguka kila mmoja peke yake, mpaka stendi nzima ikalala tumbo chini kama kaa. Lakini ikisimama kwa urefu wake wote ilinifika kifuani tu. Ya tatu ilikuwa mpya, ya alumini, inang’aa, nyepesi kama muwa mkavu. Miguu yake ilikuwa imeungwa katikati kwa vijiti, ukivuta mmoja yote inafunguka pamoja kama mwavuli. Ikinyooshwa yote ilinipita kichwa. Ikifungwa haikuwa fupi sana, bado ilinipita kiuno, lakini wepesi wake ulinishinda akili. Nilijiona tayari nimesimama nyuma yake, jicho kwenye kamera, nimepinda kidogo mgongo kama wapiga picha wa magazetini.

Selemani akaivuta mpaka juu, akafunga kamera yangu, akagonga kichwa cha stendi kwa kidole kimoja.

“Hesabu mpaka itulie.”

Nikahesabu mpaka sita. Akaigonga ile kuukuu ya kaboni. Nilifika mbili, ikawa kimya.

“Halafu tazama hapa,” akasema akizungusha vifungo vya miguu ya ile ndefu. “Hivi vya kuzungusha vikila mchanga vinasaga kama meno ya mtu aliyelala. Vya kibano kama hivi vya kaboni, unafungua, unapangusa, basi.”

“Fupi hiyo, kaka.”

“Dada Rehema, urefu huu unaenda kupiga minazi?”

“Nataka inifike machoni.”

“Machoni pako, au pao?”

Nilicheka, nikidhani ni utani wake wa kawaida, nikaondoka na ile ndefu. Njia nzima ya kurudi nyumbani niliibeba begani, nikawa napisha watu kama mtu aliyebeba ngazi.

Jumatano asubuhi niliondoka. Mama alinifuata mpaka mlangoni kwa fimbo yake, akaninyooshea nguo begani bila sababu. Hakusema kitu kuhusu picha. Alisema tu nikamwambie Amina apunguze chumvi kwenye samaki, na kwamba Zaina akikasirika nisimjibu, ninyamaze mpaka amalize.

Kilambo, mtoni, maji yalikuwa yamepwa. Pantoni ilikuwa imekaa kwenye matope ikisubiri, nasi tukapakiwa kwenye boti ya mashine, akina mama watatu wenye ndoo za plastiki, mzee mmoja mwenye redio, na mimi na stendi yangu. Mto ni mpana hapo, rangi ya chai ya maziwa. Viboko walikuwa mbali, masikio tu juu ya maji. Mama mmoja akaitazama ile stendi ndani ya mfuko wake mweusi.

“Umebeba nini, binti? Mtego?”

“Stendi ya kamera, mama.”

“Nyepesi?”

Nikampa aishike. Akainyanyua kwa vidole viwili, akampa mwenzake, mwenzake akampa mzee wa redio, ikazunguka boti nzima na kila mtu akashangaa. Nilifurahi kama aliyesifiwa mtoto wake. Tulipofika ng’ambo tulishuka kwenye matope ya kufika magotini, nami niliyekuwa na mzigo mwepesi kuliko wote nikawa wa kwanza kufika pakavu.

Namoto, upande wa Msumbiji, afisa wa uhamiaji alikuwa kijana wa Mueda, Mmakonde, anayeongea Kireno na Kiswahili kwa zamu. Alipigia muhuri karatasi zangu, kisha akaunyooshea kalamu ule mfuko mrefu mweusi.

“Isto é o quê? Hiki nini?”

“Tripé, senhor. Ya kamera.”

Hakutabasamu. Katika eneo hili mfuko mrefu mweusi, kama wa bunduki, hauwezi kupita hivihivi, wala simlaumu. Akaniambia niutoe. Nikaisimamisha stendi pale barazani, nikaivuta yote. Yeye ni mrefu, lakini ilibidi anyanyue kidevu.

“Minha irmã, dada yangu,” akasema, “hii ni ya picha au ya kupandishia bendera?”

Wenzake wakaangua kicheko. Akaniuliza nampiga nani. Nikamweleza: mama mkubwa, Kionga, picha moja ya familia. Akaniambia nisiipige ofisi yao, wala boti, wala askari yeyote njiani.

“Familia tu,” akasema. “Na mama mkubwa wako mwambie acheke.”

“Hachekeshwi kirahisi.”

“Basi kazi unayo.”

Kati ya Namoto na Kionga, saa tano, pikipiki iliyonibeba ilisimama ili mwenye pikipiki asafishe plagi. Mahali palikuwa pazuri: minazi pande zote mbili za njia, mashamba ya mihogo, na nyuma ya mihogo mstari mwembamba wa bahari. Nikaona nijaribu kifaa changu. Niliivuta stendi mpaka juu kabisa, nikaweka kamera kwa saa yake ya kuhesabu, nikasimama kando ya mnazi. Upepo ulikuwa unavuma wa kawaida tu, wa kukausha nguo. Nilipotazama picha, mnazi ulikuwa na miili miwili na mimi sikuwa na pua.

Nikajaribu tena, safari hii nimeutundika mkoba wangu wa maji katikati ya miguu ili uvutwe chini. Ikawa afadhali. Nikapunguza urefu nusu, ikawa nzuri. Nikiipunguza mpaka mwisho, miguu yote ikiwa imefungwa, ilikuwa imara kabisa. Mwenye pikipiki, aliyekuwa amechuchumaa na plagi mdomoni, akaitoa plagi akasema, “Kwa hiyo ule urefu wote ni wa bure?”

“Wa akiba,” nikamjibu. Sikupenda alivyoguna.

Kionga, adhuhuri. Kibao cha njiani kimeandikwa Quionga kwa herufi za Kireno, lakini kinywani mwa watu ni Kionga. Mama Amina alinipokea njiani, amefunga kapulana ya njano, ananitazama juu mpaka chini akitafuta sura ya mama yangu.

“Miguu ni ya Mwanaidi,” akasema. Mwanaidi ndiye mama yangu. “Hii mingine umeitoa wapi?”

Alikuwa anaitazama stendi.

Nyumba yao ni ya miti na udongo, bati jipya, ua wa makuti, mchanga mweupe uliofagiwa mistarimistari. Mama Zaina alikuwa uani, amekaa mkekani, uso umepakwa msiro mpaka kwenye nywele, ile rangi nyeupe inayosagwa kutoka kwenye mti, umekauka na kupasuka kidogo pembeni ya macho. Nikapiga magoti.

“Shikamoo, mama mkubwa.”

“Marahaba, mwanangu. Mwanaidi hajambo? Goti lake?”

“Hajambo. Goti lipo.”

“Kaa. Kula kwanza.”

Tulikula wali na matapa, kisamvu cha nazi, na samaki ambaye kweli alikuwa na chumvi. Nikafikisha salamu za Mama. Mama Amina akasema Mwanaidi hajawahi kupika samaki akalika na mtu, Mama Zaina akasema kweli, na hapo nikaona kwa mara ya kwanza pembe ya mdomo wake ikibana upande mmoja, kitu ambacho Mama amekuwa akinielezea tangu nikiwa mdogo.

Alasiri, nilipoona kila mtu ameshiba na ametulia, nikaitoa stendi nikaisimamisha uani ili waizoee kwa ajili ya kesho yake. Niliivuta nusu, nikafunga kamera, nikaielekeza mkekani. Mama Zaina aliitazama muda mrefu. Kisha akavuta kapulana yake usoni.

“Toa,” akasema.

Nikakumbuka kunyamaza. Nikaitoa kamera, lakini stendi ilibaki imesimama.

“Nilimwambia Mwanaidi picha moja, na neno langu sirudishi. Lakini si hivyo. Tulipokuwa kule kwenye mahema walikuja watu na mashine zao. Mimi nimekaa chini na sahani yangu, wao wamesimama. Kila siku. Wanasimama, wananiinamia, ta, ta, ta. Baadaye mmoja akanionyesha. Unajua niliona nini? Macho yamenitoka yanatazama juu kama mbuzi anayesubiri majani. Ni mimi yule? Nikasema basi, hakuna tena mtu atakayesimama mbele yangu nimekaa akanipiga picha.”

“Hakuna atakayesimama, mama mkubwa. Kamera itajipiga yenyewe. Mimi nitakaa nanyi.”

“Hicho nacho kimesimama,” akasema, akiionyesha stendi kwa kidevu.

Hapo ndipo maneno ya Selemani, machoni pako au pao, yaliponirudia.

Nikasema kwa haraka, “Basi nikuletee kiti. Ukikaa kitini…”

“Kiti?” Mama Amina akadakia. “Yeye kitini, mimi chini kama mtumishi wake?”

“Nyote vitini.”

“Tumeanza lini?” akauliza Mama Zaina. “Mimi na mama yako tumekaa mkekani tangu tumezaliwa. Akituona kwenye viti atadhani tupo kwenye ofisi ya serikali.”

Nikaishusha stendi mpaka mwisho wake, miguu yote imefungwa. Mama Zaina akakubali kupima. Alikaa mkekani, akanyoosha shingo, akaitazama lenzi.

“Bado inanitazama kwa juu.”

Ni kweli. Kwa sababu ya vile vijiti vya kuunganisha miguu, stendi haikuweza kupanuka ikalala. Ingekuwa ile kuukuu ya kaboni ningekuwa nimemaliza kazi. Nikaleta ndoo, nikaigeuza kifudifudi, nikaweka kamera juu: ikatazama magoti. Nikaweka kipande cha kifuu chini ya lenzi ili inyanyuke. Lenzi nzito ikateleza, kamera ya rafiki yangu ikabingirika, Mama Amina akaidaka kwa upande wa kapulana yake kama anayedaka kuku. Mama Zaina aliinuka, akaenda kumwagilia mboga zake, nami nikabaki na stendi nyepesi kuliko zote za Mtwara, isiyo na faida.

Usiku ule nilimpigia Mama. Aliniuliza swali moja tu, “Amekataa?” Nikamwambia bado. Akasema, “Basi,” kwa sauti ya mtu anayefunga dirisha.

Alhamisi asubuhi, baada ya matabicho, kifungua kinywa cha chai na mihogo, nilimkuta Mama Zaina uani amesimama mbele ya stendi, mikono kiunoni. Alikuwa anaipima kwa mkono wake: kutoka kiwiko mpaka kifundo.

“Hii ndiyo imezidi,” akasema. “Kiasi hiki. Si uifukie?”

“Niifukie?”

“Kwani nguzo za nyumba hii zimesimama juu ya mchanga? Zimeingia ndani.”

Nyumba ile aliijenga mwenyewe waliporudi, yeye na Amina, nguzo moja moja. Sikungoja kuambiwa mara mbili. Nikachukua kijiti nikaanza kuchimba mashimo matatu. Mchanga mkavu ukawa unaporomoka kila nikitoa mkono. Niliingiza mguu wa kwanza, ukasimama. Nikaingiza wa pili, wa kwanza ukalala.

Mama Zaina akanitazama kwa huruma ile ya mtu anayemwangalia mwingine akishona kwa sindano isiyo na tundu.

“Amina! Njoo umwone huyu msomi wetu. Anachimba kama kuku.”

“Anaizika kabla haijafa,” akasema Mama Amina.

“Leta maji. Leta makumbi na mchi.”

Akanisogeza. Alimwaga maji kwanza, akangoja yanywewe, ndipo akachimba, na kuta za shimo zikasimama wima kama za kikombe. Nikamwambia kwamba vifungo vya miguu vinaogopa mchanga. Mama Amina, anayeuza barafu za ukwaju kwa friza ya umeme wa jua, akaingia ndani akatoka na vile vifuko virefu vyembamba vya kugandishia barafu. Kila mguu ukavishwa kifuko chake, ukafungwa kwa uzi. Ilikuwa kama kuwavalisha watoto soksi. Kisha miguu ikaingia shimoni, makumbi ya nazi yakazungushiwa, mchanga mbichi ukarudishwa, na Mama Zaina akaushindilia kwa mchi, taratibu, akizunguka, akisikiliza mlio unavyobadilika.

Alipomaliza akalaza juu ya kichwa cha stendi chupa ya maji iliyojaa nusu, akatazama mstari wa maji. Akaukanyaga mchanga upande mmoja kwa kisigino. Akatazama tena.

“Sasa weka mashine yako.”

Nikaweka kamera. Nikaigonga kwa kidole kama alivyonifundisha Selemani, nikahesabu. Sikufika moja. Upepo ulikuwa unapeperusha makuti ya ua na kapulana kwenye kamba, na stendi ile iliyotetemeka njiani kama kifaranga ilisimama pale kama imeota.

Mama Zaina akatandika mkeka upya, akaenda akakaa. Alitazama lenzi ana kwa ana, kama anavyomtazama mgeni aliyekaribishwa akakaa.

“Haya,” akasema. “Tumekaa sawa.”

Akaenda kunawa na kupaka msiro mpya.

Picha moja, alikuwa amesema, na moja ingekuwa moja. Kwa hiyo kwanza nilifanya majaribio bila yeye. Mahali pake tukaweka mtungi tukaufunga kapulana, mimi na Mama Amina tukakaa. Kamera ilinipa sekunde kumi za kufika mkekani. Mara ya kwanza nilikimbia, nikafika nimesimama, picha ikapigwa mimi nikiwa makalio hewani. Mama Amina alicheka mpaka akalala. Mara ya pili nikaenda kwa magoti, nikafika. Mwanga ulikuwa kivulini mwa ukuta, laini, wenye subira, na kamera ilihitaji kufungua jicho lake polepole. Kwa kuishika mkononi tu, picha ingetikisika.

Mama Zaina akatoka ndani, amevaa kapulana mpya na blauzi nyeupe, msiro umelala usoni bila doa. Akakaa kushoto. Mama Amina kulia. Katikati wakaacha nafasi, nami nikaiona kwa muda kabla sijaijaza: nafasi ya mtu mmoja, mkeka mtupu, wao wawili wakiwa wameelekea huko kidogo bila kujua.

Nikabonyeza. Nikaenda kwa magoti.

“Um,” Mama Zaina akaanza kuhesabu kwa Kireno chake cha shule. “Dois. Três.”

“Usihesabu, mdomo utatoka wazi,” Mama Amina akanong’ona.

“Quatro. Nyamaza. Cinco.”

Nikakaa. Bega lake likagusa langu.

“Mwanaidi angekuwepo,” akasema, macho mbele, midomo haitikisiki sana, “saa hii angekuwa anauliza kama sketi yake imekaa.”

Mama Amina akapasuka. Kamera ikalia.

Tulibaki tumekaa hapohapo. Nikataka kuinuka kutazama, Mama Zaina akanishika mkono.

“Imepigwa?”

“Imepigwa.”

“Basi usinionyeshe. Aone Mwanaidi kwanza. Yeye anajua nilivyo. Akisema ni mimi, ni mimi.”

Akainuka, akachukua jembe, akaanza kuifukua ile stendi mwenyewe.

Ijumaa na Jumamosi nilikaa nao, nikamenya mihogo, nikafungasha barafu, sikupiga picha nyingine. Jumapili nilivuka mto kurudi. Yule afisa wa Mueda hakuufungua mfuko safari hii.

“Alicheka?” akauliza.

“Sijatazama.”

Akanikodolea macho. “Umevuka mto kwa picha ambayo hujaitazama?”

Kweli sikuwa nimeitazama. Kamera nilikuwa nimeifunga tumboni chini ya khanga, na njia nzima nilipambana na vidole vyangu. Nilihofu kwamba nimefumba macho, kwamba Mama Amina amecheka akatikisika, kwamba Mama Zaina amegeuka dakika ya mwisho. Kama ingekuwa imeharibika, hakuna ambaye angenipa ya pili.

Jumatatu, Mtwara, Selemani ndiye aliyeifungua kwenye kompyuta yake. Aliisogeza picha karibu, akatazama macho ya Mama Zaina, akaisogeza mbali.

“Ulilala chini?”

“Nimeifukia.”

Nikamweleza. Alicheka mpaka akashika lile pazia la buluu, likakatika upande mmoja. Alipojaribu kuzungusha kifungo cha mguu mmoja wa stendi kikasaga kwa sauti, kwa sababu kifuko kimoja cha barafu kilitoboka.

Kwa hiyo, wewe unayesoma na unayetaka stendi nyepesi ya safari, nakwambia nilichorudi nacho. Uzito ni jambo, maana usichoweza kubeba hutakitumia. Vifungo ni jambo, hasa kama unaenda pwani. Igonge kichwani kabla hujaondoka dukani na uhesabu. Lakini swali la kwanza si inafika wapi juu. Uliza inashuka mpaka wapi. Watu wetu wengi, wakiwa nyumbani kwao na wametulia, wamekaa chini. Stendi isiyojua kukaa itawapiga picha kama wageni wanavyowapiga, hata kama mwenye stendi ni mtoto wao.

Jioni ile nilimpelekea Mama picha ikiwa kwenye fremu. Aliishika kwa mikono miwili, akaipeleka kwenye mwanga wa mlango. Alianza na Amina, akasema amenenepa. Akanipita mimi kabisa. Kisha akafika kwa Zaina, na hapo kidole kikatembea juu ya kioo bila kukigusa.

“Bado anabana mdomo,” akasema.

Nikachukua nyundo na msumari, nikapima ukutani, usawa wa macho yangu, juu ya kochi.

“Shusha,” akasema Mama.

Nikashusha usawa wa kifua.

“Shusha tena.”

“Mama, hapa watu wataiegemea.”

“Wakakae kwingine. Shusha.”

Tuliacha usawa wa paja langu, kwenye ukuta ule mwingine usio na kiti. Mama akavuta mkeka, akaniegemea akashuka kidogo kidogo, akanyoosha mbele lile goti bovu, akakaa akiuelekea ukuta. Akaniomba simu, akasema niweke sauti nisikie.

“Zaina,” akasema. “Imefika.”

Upepo wa Kionga ulivuma ndani ya simu.

“Nimetokaje?”

Mama aliitazama picha, nao watu wa kwenye picha wakamtazama, macho kwa macho, hakuna aliyekuwa juu ya mwenzake.

“Ni wewe. Umekaa kwako,” akamwambia.